Mtungi Uliolala na Mbuzi

Ukitaka kujua ulikuwa mwaka gani, usiniulize tarehe, niulize tulikula nini. Tulikula magimbi. Asubuhi magimbi, mchana magimbi, jioni magimbi yaliyobaki mchana. Mvua ya mawe ilishuka wakati wa masika ikaichanachana migomba yetu ikabaki kama matambara ya kudekia, na ndizi changa zikaanguka zikaozea shambani. Hakukuwa na mtori, hakukuwa na kiburu cha ndizi na maharage, hata mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikosekana, na wazee wakikosa mbege mnajua wanavyokuwa. Wenzangu wa rika langu, ninyi mliozaliwa kabla ya uhuru na bado mna meno ya kutafunia, mtalikumbuka lile gimbi lisiloiva vizuri, linavyowasha koo, unameza huku umefumba macho. Basi ni mwaka huo. Waingereza bado wapo, Mangi, chifu wetu, bado ana baraza lake, na mimi nina umri wa kutumwa chumvi kwa jirani lakini si wa kutumwa sokoni peke yangu.

Nilikuwa mtoto asiyekaa. Ukiniketisha nimenye magimbi, gimbi moja nimelimenya nusu, nusu nimeliacha, nipo mferejini naangalia nani ameachia jani lielee na limefika wapi. Michezo yetu haikugharimu kitu. Unachukua gamba la mgomba, lile pana lenye utelezi kwa ndani, unalikalia juu ya mteremko, mwenzako anakusukuma, unashuka mpaka kwenye mibuni ya jirani, unaamka unacheka na damu gotini. Ukirudi nyumbani gauni lina utomvu, na utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo kipigo kinakungoja mlangoni. Shuleni misheni nako hivyo hivyo. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi naangalia kunguru dirishani wanagombea nini. Ndiyo maana shule yangu iliishia njiani na naandika kama ninavyosema. Mama alikuwa na neno lake kwangu: "Ndeshi, makalio yako yamepakwa upupu." Alilisema nyumbani, alilisema kanisani, alilisema mbele ya wageni. Wala hakukosea. Hata leo nikikaa kitako muda mrefu naona kama kuna kitu kinanipita huko nje.

Kabla ya ile mvua ya mawe, wakati wa kiangazi, lori lilipanda kutoka Moshi likivuta nyumba. Nasema nyumba. Ilikuwa na madirisha, mapazia, mlango wenye komeo, na chini yake magurudumu. Wakubwa waliiita tela. Sisi watoto tuliikimbilia nyuma tukila vumbi, tukiisukuma mahali ambapo haikuhitaji kusukumwa, kutoka sokoni, kupita kanisani, mpaka ukingoni mwa msitu, kule ambako vihamba vyetu vya Mwika, mashamba ya migomba, vinaisha na baridi inaanza. Ndani yake aliishi Mzungu mpima mipaka ya msitu, tuliyemwita Bwana Mpima, pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo mwenye mashavu mekundu kama pilipili. Nje, kwenye hema, aliishi nyapara wao, Salehe, mtu wa Moshi mjini, suruali yake fupi ina mstari wa pasi hata katikati ya matope. Kiswahili chake kilikuwa laini kama samli. Cha kwetu kilikuwa kama kuni mbichi, na hakuacha kutuambia.

Watu wale hawakupikia kuni. Mbele ya tela, juu ya kile chuma cha kuvutia, ilisimama mitungi miwili ya gesi, minene, ya kijivu, imefungwa mkanda pamoja kama mapacha. Mpira ulitoka kwenye mtungi ukapenya ukutani mpaka jikoni, na huko ukiwasha kiberiti moto wa buluu unakaa kwenye duara unanong'ona, bila moshi, bila jivu, bila mtu kupuliza mpaka macho yamtoke. Baba yangu aliajiriwa kuitunza mitungi hiyo, na kuchota maji, na kufukuza nyani. Kanuni aliyopewa ilikuwa fupi: mmoja unawaka, mmoja unasubiri. Unaowaka ukifa, Baba anafunga koki, analegeza kwa spana, anahamishia mpira kwenye ule unaosubiri, kisha anapaka povu la sabuni penye maungio. Povu likitulia, salama. Likianza kuvimba vijipovu, gesi inavuja, kaza tena. Hapo penye povu ndipo nilipopapenda. Nilikuwa natoroka shule nipande mpaka kule juu, niviangalie vile vijipovu vikivimba na kupasuka, na Baba ananifukuza kwa spana mkononi huku anacheka.

Mtungi uliokufa aliubeba begani mpaka barabara ya sokoni, maana masika yalipoanza lori halikuweza tena kupanda kwa matope, na hata pale sokoni lilifika siku ya soko tu. Lori linaupeleka Moshi, kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni ya reli, unabadilishwa kwa uliojaa, unarudi. Baba anaupokea, anaupandisha. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya safari hiyo, kwa hiyo kila mara aliutua uani kwetu, akanywa maji, akafuta jasho, akaendelea. Hapo pa kuutua uani ndipo balaa lilipoanzia.

Majirani walikuja kuuangalia. Waliugonga kwa vidole kama mtu anavyogonga kibuyu kujua kimebaki kiasi gani. Mama mmoja wa ng'ambo ya mfereji alileta kibuyu chake kidogo akamwomba Baba ammiminie, kidogo tu, ya kuivishia maharage. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini habari ilishatoka, na ilivyofika kambini ilikuwa imenenepa: gesi ya Bwana Mpima inatuliwa kwa kina Ndeshi, na watu wanaonekana wakienda huko na vibuyu.

Ikaja baridi ya Julai. Mnaijua ile baridi. Ukungu unashuka kutoka msituni asubuhi, unaingia ndani bila hodi, unakamua ng'ombe na humwoni kichwa. Magoti yanapauka, midomo inapasuka, ukicheka unatoka damu. Bwana Mpima alikuwa amepanda msituni na wapagazi wake, akamwacha mkewe na mtoto kwenye tela. Asubuhi moja mkewe anachemsha maziwa ya mtoto, moto wa buluu ukanywea, ukawa mdogo kama ua la kunde, ukazima. Baba hakushangaa, mtungi ule ulikuwa umetumika sana. Akahamishia mpira kwenye ule uliosubiri, uliotoka Moshi juzi tu, ambao hakuna aliyeugusa. Ukawaka, ukanywea, ukazima. Mtoto analia, maziwa ya baridi, kuni zote zimelowa. Mama wa Kizungu akatoka nje amejitanda blanketi, akamwuliza Salehe gesi imekwenda wapi.

Salehe akamgeukia Baba. Wapagazi waliobaki kambini walikuwa wanaota moto unaotoa moshi mtupu, naye akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mchagga hawezi kubeba chombo kilichojaa bila kukipunguza njiani."

Wakacheka. Mnajua alichokuwa anakichezea. Kwetu anayebeba mbege kupeleka kwenye shughuli ana haki ya kuonja njiani, na hakuna anayemwita mwizi. Salehe alikuwa amekaa mlimani vya kutosha kuijua desturi hiyo, akaigeuza kamba ya kumfungia baba yangu. Baba akamwambia mtungi ni mzito, aunyanyue mwenyewe aone. Salehe akasema chuma ni chuma, kimejaa ni kizito, kitupu ni kizito. Na kweli nani angebisha. Mizani ya kahawa ilikuwepo ghalani kule chini, lakini hapakuwa na mtu aliyejua mtungi mtupu una uzito gani. Shauri likaamuliwa pale pale kwenye moshi. Baba aushushe mtungi huo barabarani, siku ya soko uende Moshi ukajazwe, na akishaushusha asirudi kambini. Bwana Mpima akitoka msituni, jambo liende kwenye baraza la Mangi. Wizi wa mali ya serikali. Na unga tuliokuwa tunauonja mara moja moja mwaka ule, katikati ya magimbi, ulitoka kwenye kazi hiyo hiyo ya Baba.

Baba alifika nyumbani na mtungi begani, akautua uani, akakaa juu ya kigogo, hakuomba maji. Mama alikuwa anapukuchua maharage. Akamsikiliza mpaka mwisho, mikono inaendelea. Halafu akauliza, "Ukishajazwa, nani atajua ulikuwa na nini?"

Baba akageuka kuutazama mtungi.

"Wakiujaza wameosha kisu," Mama akasema. "Utakaa hapa mpaka mwenyewe ashuke auguse kwa mkono wake."

Baba akamwambia ni amri. Mama akasema amri imesema ushushwe, na umeshushwa, haikusema ushushwe mpaka wapi. Akakung'uta maganda mapajani, akaukumbatia ule mtungi kama mtu anayembeba mgonjwa, akauingiza ndani.

Nyumba yetu ilikuwa ile ya kale, majani kutoka juu mpaka chini, mlango mfupi unaingia umeinama. Upande mmoja tulilala sisi, upande wa pili mbuzi na ng'ombe, katikati mafiga. Wanangu wakisikia hivyo wanakunja pua, lakini hakuna blanketi la dukani lenye joto kama pumzi ya ng'ombe. Baba alikuwa ameapa siku zote kwamba mtungi na moto havikai pamoja, kwa hiyo Mama akauweka mbali na mafiga, kule kwa mbuzi, nyuma ya ukuta wa fito. Akauvika majani makavu ya mgomba, yale ya kuvundikia ndizi, na mwaka ule hatukuwa na ndizi za kuvundika. Baba akapaka povu kwenye koki, likatulia. Mama akatangaza kwamba atakayeigusa koki hiyo atamkata mkono, maana kilichomo ndani ndicho kilichobaki cha heshima ya nyumba ile. Mbuzi wakaunusa, wakapiga chafya, wakaulalia.

Siku zile hakuna aliyetulia. Baba aliamka na ukungu akaenda kukaa kwenye njia ya msituni kumngoja Bwana Mpima, akarudi jioni amelowa. Kila tawi lililovunjika nje, sote tuligeuza shingo. Mama alianza kazi hii akaiacha, akaanza ile, akasahau ya kwanza, mpaka siku moja magimbi yakaungua, na sijawahi kuona Mama anaunguza kitu. Majirani waliokuwa wanakuja na vibuyu sasa walipita njia ya chini, ndefu, yenye matope, wasionekane uani kwetu. Shuleni wenzangu walinigonga kichwani kwa vidole wakasikiliza kama kuna kitu ndani. "Ndeshi, leo mmepika kwa gesi?" Nilipigana na mmoja, nikashindwa, nikapigana na dada yake.

Ikafika siku ya soko. Baba yuko njia ya msituni. Mama hana budi kwenda, chumvi imekwisha na mayai yamejaa kapu. Akanishika bega, vidole vikaingia mpaka kwenye mfupa, akaniambia mtungi usitoke, asije mtu yeyote akautoa, mpaka yeye arudi. Akanitazama makalio, akatikisa kichwa, akaenda.

Jua halijapenya ukungu nikasikia honi ya lori kule sokoni. Baadaye kidogo hodi. Mimi kwa mazoea nikaitika karibu, nikajuta papo hapo. Alikuwa Salehe, na wapagazi wawili wa kwetu Mwika wenye mti na kamba. Nikamwamkia shikamoo, maana nilifunzwa. Akaitika, akauliza wazazi wako wapi, nikamwambia. Akasema basi vizuri, nipishe, wanachukua mtungi wa serikali, lori linangoja.

Nikakaa mlangoni. Mlango ule ulikuwa mwembamba, mtoto mmoja aliujaza. Nikasema, "Hautoki. Mama hajarudi."

Salehe akacheka, akawaambia wenzake kigimbi hiki kina mdomo. Akachuchumaa, akatoa mfukoni kipande cha sukari guru kimefungwa kwenye karatasi, akakifungua polepole mbele ya pua yangu. Mwaka wa magimbi, sukari guru. Mate yalinijaa mpaka yakaniponyoka kidevuni, sioni haya kusema. Nikasema hautoki, Mama hajarudi. Akakirudisha mfukoni, akabadilisha uso. Akasema askari wa Mangi wanaweza kumfunga baba yangu leo hii kwa ajili ya ukaidi wangu. Nikasema hivyo hivyo. Sikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimepewa hayo tu, nikayashika kama mtu anavyoshika mkia wa ng'ombe akivuka mto.

Na hapo ndipo siafu walipokuja. Njia yao ilipita pale kizingitini, nami nilikuwa nimewakalia. Wa kwanza aliniuma nyuma ya goti. Wa pili juu yake. Mimi, Ndeshi wa upupu, nisiyeweza kumaliza sala moja kanisani bila kugeuka, nilikaa. Kila kipande cha mwili wangu kilitaka kuruka, kukimbia, kuingia mferejini. Machozi yalitoka yenyewe. Salehe akadhani nalia kwa woga, akalainika. Akashusha sauti wale wawili wasisikie.

"Binti, na mimi nina watoto," akasema. "Bwana akirudi akute jiko limelala, wa kwanza kuulizwa ni mimi."

Alikuwa anasema kweli. Niliyaona macho yake, na mstari wa pasi kwenye suruali yake ulikuwa umepotea siku nyingi. Mpaka leo nasema Salehe hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu akikuelekezea kidole utafungwa kama umeelekezewa na mbaya. Nikamwonea huruma. Na bado nikajinyoosha, nikalala kabisa kukatisha mlango, siafu na vyote, nikafumba macho.

Akawaamuru wale wapagazi wapite juu yangu. Hawakusogea. Mkubwa wao akaweka mti chini, akasema yeye hamruki mtoto wa mtu. Mnaelewa, ninyi wa rika langu. Mtoto akirukwa hakui, anadumaa, na aliyemruka ndiye atakayeulizwa maisha yake yote kila kitu kinapompata mtoto huyo. Salehe wa mjini akawaambia huo ni upuuzi. Mpagazi akasema basi tangulia wewe, sisi tutafuata. Salehe akaangalia mguu wake, akaniangalia mimi. Kule uani majirani walikuwa wameanza kusimama kwenye masale, ile mimea ya mpakani, wamekunja mikono. Honi ikalia tena, ndefu. Salehe hakunyanyua mguu, wala hakuninyanyua mimi. Alikaa kwenye kile kigogo cha Baba, akashika kichwa. Lori likaondoka, tukalisikia sote likinguruma kushuka Himo mpaka likaisha.

Mama aliporudi alinikuta pale pale, mapaja yamevimba kama mkate. Hakunisifu. Alinimwagia maji, akanibandua siafu mmoja mmoja, vichwa vyao vimebaki kwenye nyama, na nikamsikia anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Salehe akampa shikamoo. Mama akamwitikia, akampa gimbi.

Mchana jua likatoka, na Baba akashuka na Bwana Mpima. Alimkuta njiani akamweleza yote kabla kambi haijamweleza, ndiyo faida ya kulowa siku zote zile. Bwana Mpima alikuwa na matope mpaka kiunoni na ndevu kama za mbuzi dume. Hakwenda kambini, alikuja kwetu moja kwa moja. Mama na Baba wakautoa mtungi katikati ya ua, majani yamegandamana nao, unanuka mbuzi mtupu. Mama akamwambia auguse.

Akauwekea kiganja kama unavyomwekea mtoto mwenye homa. Ulikuwa na joto. Akamwomba Baba spana, akawasukuma watu nyuma, akahakikisha hakuna mwenye kiko, akalegeza koki. Ulilia. Sijui niseme kama nini, kama nyoka mwenye hasira aliyekwama kwenye shimo, na harufu ya kabichi iliyooza ikatupiga usoni. Mbuzi wakavunja ukuta wa fito wakatoka mbio, mmoja akanikanyaga mahali pale pale pa siafu. Bwana Mpima akafunga koki. Akasema umejaa. Hakuna aliyeuliza mara ya pili, sote tulikuwa tumesikia.

Kisha akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, kwamba gesi ile ikipigwa na baridi inalala ndani, haitoki, unadhani imekwisha, ipashe joto itaamka. Baba akaitikia kwa kichwa, aliona mara moja. Mama akamwuliza mbona hakumwambia anayeitunza. Bwana Mpima akavua kofia, akaitazama ndani kama jibu limo humo, akaivaa.

Mama hakuikubali hata siku moja ile habari ya baridi. Mpaka anakufa alisema ni mbuzi. Aliuweka kwa mbuzi hauna kitu, ukatoka umejaa, nani mwingine alikuwemo mle ndani? Na hakuwa peke yake. Kabla wiki haijaisha watu walianza kuleta betri za tochi zilizokufa wakiomba zilale kidogo kwa mbuzi wetu, na nyingine kweli zikawaka, basi jina la mbuzi wale likafika hata Rombo. Baridi yote iliyobaki, kanuni ya Baba ikabadilika: mmoja unawaka, mmoja unalala na mbuzi. Asubuhi anaupandisha ule wa moto, anaushusha uliopoa, na mimi nyuma yake nimebeba kopo la povu, kwa ruhusa sasa.

Salehe aliletwa na wazee akiwa na jani la isale lililofungwa fundo, na mnajua jani hilo likifika mlangoni huna la kukataa, umesamehe utake usitake. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akamwambia, "Nimepokea. Sasa kaseme na kule ulikosemea." Akaenda, akasema kwenye moto ule ule, mbele ya wapagazi wale wale, kwamba mtungi ulifika umejaa. Tangu hapo akipita anakaa kwetu, anakula gimbi huku amekunja uso, anatuuliza tunawezaje. Na ile sukari guru alinipa.

Migomba ilipopona tela ilivutwa ikapelekwa Sanya Juu. Mtungi mmoja koki yake ilikuwa imekufa, haikazi tena, hakuna duka ambalo lingeujaza. Bwana Mpima alitaka kuutupa korongoni. Mama akauomba. Akauweka pale pale kwa mbuzi, akaufanya kiti chake cha kukamulia, mpaka rangi ya kijivu ikaisha juu ikabaki chuma kinachong'aa. Alimkamua ng'ombe wa mwisho amekaa hapo. Mama mwenyewe tumemzika kihambani, hatua chache kutoka ukuta ule.

Siku hizi wajukuu zangu wamenijengea jiko la vigae na kuniwekea mtungi mpya, mdogo, wa rangi kali. Gesi ikikata wanabonyeza simu, kijana wa bodaboda anafika na mwingine umefungwa nyuma kwa mpira, na katika muda huo wa kungoja wamelalamika kama watu wa njaa, mmoja ameshakwenda kununua chipsi. Hakuna anayepaka povu. Nawaambia pakeni povu, wananiambia Bibi tulia. Kutulia. Wamenunua kochi ambalo ukikaa linakumeza, wananitaka niangalie televisheni, na mimi nainuka kila mara kwenda kuangalia koki. Sisi tuliujua moto ulikotoka na nani aliubeba begani. Wao wanaujua unavyowaka tu. Siwalaumu, ndivyo walivyoukuta. Wanacheka vizuri, wananipenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala akisikia mbuzi anacheua.

Juma lililopita Kelvin, huyu mjukuu wa Arusha, alikuja na mtu wa chuma chakavu na gari dogo. Wanabomoa kibanda cha zamani, mabaki ya nyumba yetu ile, wanataka mahali pa kuegesha magari. Mbuzi hawapo tena, umebaki ukuta mmoja, mlango, na mtungi ule ndani. Akaniambia kwa upole, amenishika mkono, "Bibi, hilo dude limekufa zamani, linachukua nafasi tu. Ngoja tulitoe."

Nilijiinua kwenye lile kochi, nikatafuta fimbo yangu, nikavuka ua. Magoti hayapindi vizuri siku hizi, lakini kizingiti kile ni kifupi, nikajishusha polepole mpaka nikakijaza. Kelvin akabaki amesimama na mtu wake, wanatazamana. Kijana yule wa chuma chakavu akaweka kamba chini. Inaonekana huko kwao nako bado wanafunzwa.

Nikamwambia Kelvin, "Hautoki. Mama hajarudi."